Chati za kwenye gemu nani anazisoma? Yametukuta kwenye seva yetu, wa Arusha na Moshi njooni hapa

sakina_kwetu

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo ila nisomeni mpaka mwisho alafu ndo mtukane.

Tuna seva yetu ya Minecraft, lile gemu la kujenga kwa vitalu, machalii wa hapa Chuga, jamaa kadhaa wa Moshi na wengine wapo vyuo vya mikoani. Tumejenga mji humo ndani, mnara wa saa upo, barabara ya kwenda Njiro ipo na mashimo yake kabisa. Seva analipia jamaa mmoja ndo admin wetu, sisi wengine tunachangia pale mfuko ukiruhusu.

Sasa kuna washkaji wawili walikuwa wanaongea kwa /msg, ile meseji ya mtu na mtu isiyotokea kwenye chati ya wote. Walikuwa wanamsema admin, eti anajipendelea, anajipa almasi usiku watu wakiwa wamelala, na kwamba wanataka kuhama wakafungue seva ya kwao. Asubuhi tunaamka grupu la WhatsApp linawaka moto, admin kabandika maneno yao yote neno kwa neno, na saa na dakika. Shida ni kwamba katikati ya yale maneno kuna mambo mengine kabisa, mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari za mzee wake kuumwa na deni walilonalo nyumbani, na hayo nayo yakabandikwa vilevile hata hakuyakata.

Grupu limegawanyika. Kuna wanaosema seva ni ya kwake afanye anavyotaka, kuna wanaosema hii haina tofauti na kumpekulia mtu simu akiwa bafuni. Mimi nataka kujua vitu viwili tu, amezisomaje zile meseji, na je hizi gemu kubwa za PUBG, Free Fire, Call of Duty na nyingine nako wanatusoma hivihivi?

mbege_baridi

Ngoja kwanza, almasi anajipa au hajipi? Jibu hilo alafu tuendelee.

goli_la_mkono

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Mleta kashata yuko wapi.

fundi_waya

Sakina hapo hamna uchawi wala kudukuliwa. Seva nyingi za Minecraft za washkaji zinaendeshwa kwa programu za Paper au Spigot, na hizo bila hata ya wewe kugusa kitu kila amri anayoandika mchezaji inaingia kwenye logi ya seva, yani faili la kumbukumbu za matukio. Sasa /msg nayo ni amri kama amri nyingine. Kwa hiyo admin anafungua faili linaitwa latest.log anakuta mstari wa namna hii:

21:47:12 INFO: mbuzi_choma issued server command: /msg kiroba kesho tunahama usimwambie mtu

Imeisha hiyo. Saa ipo, aliyetuma yupo, aliyetumiwa yupo, ujumbe wote upo. Na hilo faili seva ikizimwa na kuwashwa au siku ikigeuka linafungwa na kubanwa, linawekwa jina la tarehe na linabaki hapohapo mpaka mtu alifute kwa mkono. Meseji uliyoandika ukiwa na hasira za siku moja inaweza ikakaa humo mpaka umeoa.

Alafu kuna plagini (programu ndogo ya kuongezea kwenye seva) ya EssentialsX ambayo seva kibao wanayo kwa ajili ya amri za kusafiri haraka kama /home na /tpa, humo ndani kuna kitu kinaitwa SocialSpy. Admin akiiwasha, minong'ono ya watu wote inapita mbele ya macho yake papo hapo wala hahitaji kufungua faili. Haifichwi, imeandikwa kwenye maelezo ya plagini yenyewe, ni vile watu hatusomi.

Kuandika /msg kwenye seva ya mtu ni sawa na kumpa konda wa Hiace ya Moshi bahasha isiyofungwa. Abiria wengine hawaisomi ni kweli, ila konda anayo mkononi njia nzima mpaka Boma Ng'ombe na kuendelea.

kibopa_njiro

Hizo ni seva za mtaani bana. Kampuni kubwa ina wachezaji mamilioni nani ana muda wa kusoma meseji zenu za "niletee dawa nimepigwa".

fundi_waya

Kibopa mtu hana muda, mashine inao.

Chukua gemu la Valorant la kampuni ya Riot. Riot walibadilisha masharti yao mwaka 2021 wakajipa ruhusa ya kurekodi sauti za wachezaji, alafu Julai 2022 wakaanza kurekodi Amerika Kaskazini kwa kiingereza, lengo wakisema ni kuifundisha mashine kutambua matusi. Call of Duty nao Agosti 2023 walitangaza kwamba wanaingiza mfumo wa ToxMod unaosikiliza maongezi yenyewe ya sauti mechi ikiendelea, wakaanzia Amerika Kaskazini na Modern Warfare III ilipotoka Novemba mwaka huohuo wakaupeleka sehemu kubwa ya dunia, Asia ndo ikabaki nje. Hapo hamna mtu kaketi na hedifoni anakusikiliza wewe, ila maneno yako yanapita kwenye chekecheke na yakionekana yana shida ndo yanapelekwa kwa binadamu.

Wengine wamechagua njia tofauti na mimi naiona ina ustaarabu zaidi. PS5 inashika dakika 5 za mwisho za maongezi na zinabaki kwenye mashine yako, mtu akitaka kukuripoti ndo anakata kipande kifupi anakituma Sony. Fortnite nao tangu mwishoni mwa 2023 wana kitu cha aina hiyohiyo, dakika 5, kwenye kifaa chako, haziendi popote mpaka mtu aripoti. Xbox wao mchezaji mwenyewe anahifadhi kipande cha sekunde 60 akitaka kushtaki.

Sasa uone tofauti. Kote huko unarekodiwa, ila kwingine kitufe anacho mchezaji aliyetukanwa na kwingine kitufe anacho mwenye mashine. Ukiniuliza mimi swali la faragha kwenye gemu ni hilo la nani ana kitufe. Ukianza kuuliza unaonekana au huonekani umeshachelewa, unaonekana.

mbege_baridi

Dakika 5 za mwisho za kwangu Sony watasikia mama ananiita nikafunge mbuzi tu.

mangi_wa_majengo

Mimi nina banda la gemu hapa Moshi, Majengo. Asilimia kubwa ya wateja wangu ni mpira, watoto wawili pedi mbili mechi moja alafu aliyefungwa analipa, hapo hamna chati, kuna kutukanana uso kwa uso na mimi ndo napuliza filimbi. Ila nina PS5 moja nimeiunganisha na intaneti kwa wakubwa wanaotaka kucheza na watu wa nje, na huko ndo nimeona mambo.

Mtu anakuja anaingiza akaunti yake, anacheza, muda unaisha anainuka anaondoka. Hajatoka kwenye akaunti. Anayefuata anakaa, na meseji za yule wa kwanza zinaendelea kuingia pale juu ya skrini, tena kwenye televisheni ya inchi 55 na benchi zima limejaa. Kuna siku iliingia "baby umeniblok kwanini" mbele ya vijana kama kumi, na mwenye akaunti ni mtu na heshima zake mtaani namjua na mke wake namjua. Nikazima televisheni haraka lakini wapi, ilishapita hiyo, mpaka jioni wanapita nje ya banda wanaimba baby umeniblok.

Sasa hivi nimeweka utaratibu, mtu hainuki mpaka nimemwona ametoka kwenye akaunti, na meseji za kuchomoza juu ya skrini nimezizima kwenye mipangilio. Kwa hiyo mnaposema kampuni, Marekani sijui wapi, mimi naona anayekuumiza ni aliyekaa benchi na wewe. Sony hamjui mkeo.

tausi_wa_tengeru

Mangi umeongea. Niongezee upande wa sisi wadada maana humu naona mnaongelea maandishi tu.

Mimi nacheza PUBG Mobile na maiki naizima, watu kwenye ukoo wetu (timu ya humo kwenye gemu) walikuwa wanadhani mimi ni mkaka miaka yote. Sababu ni rahisi, ukifungua mdomo tu mechi inaisha inaanza posa. "Dada unaishi wapi, dada una mtu, dada nipe namba." Ukikataa unakuwa malaya. Ndo maana mtu akiniambia "kwani sauti ina siri gani" namwona hajawahi kuwa mwanamke mtandaoni.

Kuna kipindi nilikuwa naiwasha kwa mechi za muhimu, nasema maneno mawili matatu ya kazi, "kushoto", "juu ya paa", nazima. Jamaa mmoja wa kwenye ukoo akaja kuniambia, we unakaa Tengeru karibu na soko. Nikashtuka kinoma sijawahi kumwambia mtu. Anasema Jumamosi nikifungua maiki kelele zinakuwa tofauti, kuna watu wananadi mitumba na makonda wanaita "Mjini mjini", na siku nyingine kimya, na kwenye chati niliwahi kulalamika foleni ya siku ya soko. Amekaa ameunga vipande. Hakuwa na nia mbaya alikuwa anajisifu tu ana akili, lakini mimi usingizi ulikata. Kwenye mipangilio ya gemu hamna kitufe cha kuzima soko la Tengeru.

goli_la_mkono

Pole sana dada. Huyo jamaa angetumia akili hiyo kwenye mtihani wa form four.

kibopa_njiro

Pole Tausi. Ila ndo hivo hata NSA, shirika la upelelezi la Marekani, walifanya, kumbukeni nyaraka za siri alizovujisha Snowden zilizotoka Desemba 2013, kumbe wapelelezi wa Marekani na Uingereza walikuwa wanaingia gemu za World of Warcraft na Second Life na kufuatilia Xbox Live wakidhani magaidi wanapangia mipango humo. Watu wazima wamevaa sura za majini wanapeleleza majini wenzao kwa pesa ya mlipa kodi.

mbege_baridi

Ile kazi naitaka. CV natuma wapi?

mama_wawili

Habari zenu vijana. Mimi sio mchezaji ila nimesoma uzi wote. Nina mtoto wa miaka 11 anacheza Roblox kwenye tablet ya baba yake, na akienda kwa binamu zake Njiro wanacheza Fortnite. Naona anaongea na watu, nikimuuliza anasema ni marafiki. Marafiki gani wa usiku? Hayo maongezi nani anayaona, na mimi naweza kuyaona?

sakina_kwetu

Shikamoo mama. Ngoja wataalamu waje.

fundi_waya

Shikamoo mama. Naanza na Fortnite maana hiyo ilifika mpaka serikalini kwao. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwabana Epic ambao ndo wenye gemu, wakakubali kulipa dola milioni 275 kwa makosa ya faragha ya watoto, na nyingine milioni 245 za kurudishia watu waliolipishwa vitu kwa ujanja ujanja wa vitufe. Kwenye faragha moja ya malalamiko ilikuwa kwamba sauti na chati zilikuwa zimewashwa tangu mwanzo bila mtoto kuchagua, kwa hiyo mtoto anaingia tu anajikuta anaongea na watu wazima asiowajua. Sasa hivi kwa watoto na vijana inatakiwa iwe imezimwa mpaka iwashwe kwa idhini. Ila mama hayo yanafanya kazi pale umri ulioandikwa ni wa kweli. Kama binamu yake alifungua akaunti akaandika kazaliwa 1990 gemu linamhesabu ni baba mwenye familia.

Roblox maandishi yanapita kwenye kichujio, ndo maana utaona alama za reli ###, na kampuni inayaona. Mwaka 2025 walitangaza kwamba anayetaka kuchati lazima akaguliwe umri, mashine inaangalia uso wake kwa kamera au atoe kitambulisho, alafu anawekwa na watu wa rika lake. Wewe kama mzazi unaunganisha akaunti yako na ya kwake unaweza kuzima chati au kuona marafiki zake ni akina nani. Meseji zenyewe neno kwa neno hutaletewa, kwa hiyo kukaa naye sebuleni bado kunahitajika.

tausi_wa_tengeru

Hapo kwenye uso wa mtoto mama ufikirie vizuri. Oktoba 2025 Discord, ile programu ya kuchati ya wachezaji, walitangaza kwamba kampuni ya nje wanayoitumia kuhudumia wateja iliingiliwa, na picha za vitambulisho vya watu kama elfu 70 huenda zilionwa, na ni watu waliotuma vitambulisho ili kuthibitisha umri. Yani ili ulindwe unatoa kitu ambacho kikivuja hakibadiliki kama nywila. Mimi ningekuwa na mtoto wa miaka 11 ningezima chati tu acheze, akitaka kuongea apigiane simu na binamu zake.

mama_wawili

Asanteni wanangu. Tablet kuanzia leo inalala chumbani kwangu. Baba yake ataelewa.

goli_la_mkono

Kuna mtoto huko ametuombea mabaya sasa hivi.

wakili_njaa

Nipo mwaka wa mwisho sheria kwa hiyo msije mkanitafuta kuwasimamia kesi, naongea kama mdau. Turudi kwenye kisa cha mleta uzi.

Katiba ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake binafsi. Alafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Msingi wa sheria hiyo kwa lugha ya kijiweni ni kwamba ukikusanya taarifa za mtu uwe na sababu halali, mwenyewe aijue hiyo sababu, usizitumie kwa jambo lingine, na usikae nazo zaidi ya inavyohitajika. Na kuna kundi la taarifa nyeti zinazotaka uangalifu zaidi, afya ya mtu imo.

Sasa admin wenu kuwa na logi peke yake sioni tatizo kubwa, seva yoyote lazima ijue nini kinaendelea ndani yake. Tatizo linaanza pale alipotoa zile meseji kwenye faili la kazi ya ufundi akazipeleka grupu la WhatsApp ili kumkomoa mtu. Hilo ni lengo lingine kabisa. Na ugonjwa wa mzee wa watu ulihusiana nini na almasi?

Kuna watakaotaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwamba kunasa mawasiliano bila ruhusa ni kosa. Ni kweli ni kosa, ila admin atajitetea kwamba hajanasa kitu, yamekuja yenyewe kwenye mashine anayoilipia. Wakili mzuri atabishana hapo mpaka jioni. Mimi nisingeenda mahakamani kwa hili, ningetaka afute na awe na utaratibu.

longido_mc

Nimeona uzi huu umenifikia. Mimi ndo admin mnayemsema, na nawajua wote humu hata mliobadilisha majina.

Kwanza seva nalipa mimi kila mwezi, mchango wa mwisho kuupokea hata sikumbuki ni lini. Pili mnaongea kama logi ni kitu cha umbea. Mwaka jana kuna dogo wa Himo, form two, aliuziwa akaunti ya gemu kwenye seva yangu kwa /msg, jamaa akamwambia ile hela tuma kwa namba hii, dogo akatuma hela ya matumizi ya shule, jamaa akapotea. Nani alitoa ushahidi? Logi zangu. Namba ilikuwemo, saa ilikuwemo, baba wa dogo akaenda nayo polisi imechapishwa. Ningekuwa nimezima logi kama mnavyotaka leo yule mtoto angeonekana mwizi wa hela ya nyumbani. Na walioiba bikoni (vitalu vya thamani vya kwenye gemu) za watu niliwakamata kwa njia hiyohiyo, hapo hamkulalamika faragha, mlipiga makofi.

Tatu hao wawili walikuwa wanapanga kuchukua ramani ya dunia nzima tuliyojenga waondoke nayo. Hilo sakina hakuliandika.

sakina_kwetu

Sikuliandika kwa sababu halimo. Tumeisoma skrinshoti wote, wameandika "tuhame", hamna mahali wameandika watachukua ramani. Hilo umelisoma wewe katikati ya mistari.

mbege_baridi

Anajua na sisi tuliobadilisha majina jamani, huyu SocialSpy anayo mpaka humu.

tausi_wa_tengeru

Longido hoja ya dogo wa Himo nakubaliana nayo asilimia zote, mimi mwenyewe nilipotukanwa kwenye mechi nilishukuru kuna rekodi ya kuripoti. Ila angalia ulichokifanya kule na ulichokifanya huku. Kwa dogo mtu ameumia, akalalamika, ukaenda kutafuta mstari wake, ukampa baba yake na polisi. Kwa hawa wawili hakuna aliyeumia wala aliyelalamika, ulikwenda kuchungulia unasemwaje, ukakuta unasemwa vibaya, ukawaanika. Logi ni ileile ila kazi mbili tofauti.

longido_mc

Na mtu akinisema vibaya kwenye nyumba yangu ninyamaze?

mangi_wa_majengo

Ndio unyamaze mdogo wangu. Mimi kwenye banda langu nasikia vijana wananiita bahili kila siku, na wengine wananisema mpaka mke wangu, nafanya sijasikia nauza muda. Siku nikianza kuwatangazia walichosema benchi litabaki tupu na mashine nitacheza peke yangu.

kibopa_njiro

Mimi niko upande wa Longido kidogo. Mwenye mali ana haki ya kulinda mali. Hata serikali, India walifungia PUBG Mobile Septemba 2020 na Free Fire Februari 2022 wakisema data za watu wao zinakwenda nje, kila mwenye nyumba anaangalia milango yake. Ila hiyo ya ugonjwa wa mzee wa mtu hapana. Hapo Longido uliteleza mzee, kubali ukatae.

longido_mc

Lile la mzee wake nimeshamfuata inbox tumeongea wanaume wawili, halihusiani na humu.

wakili_njaa

Vizuri. Sasa weka utaratibu hadharani. Watu wakiingia kwenye seva wakute kibao pale wanapoanzia, kimeandikwa nini kinarekodiwa, kinakaa muda gani na nani anakifungua. Mtu akijua amri zinarekodiwa na bado akaandika siri zake hapo hatuna la kumsaidia.

fundi_waya

Na kwa ufundi inawezekana kukata katikati, sio lazima uzime yote au uache yote. Kwenye faili la mipangilio la spigot.yml kuna sehemu ya commands, humo kuna log, ukiweka false zile amri haziandikwi tena, kwa hiyo na /msg hazitaingia. Kwa wezi wa bikoni weka plagini ya CoreProtect, hiyo inakumbuka nani kavunja nini na nani kafungua sanduku gani, ila nayo ina mpangilio wa kurekodi chati na amri kwa hiyo zima hizo mbili uache vitalu na masanduku. SocialSpy toa kwenye ruhusa za admin wote.

Utabaki na tatizo la dogo wa Himo, ni kweli, hilo silifichi. Ukizima logi tapeli anayekuja kwa /msg hatabaki na alama kwenye seva. Hapo unawaambia watu wazi, biashara yoyote ifanyike kwenye chati ya wote, na ukifuatwa pembeni uombwe hela piga skrinshoti wewe mwenyewe. Minecraft yenyewe tangu toleo la 1.19.1 la Julai 2022 mchezaji aliyeiona meseji ya chati anaweza kuiripoti kwa Mojang, wenye gemu, hata kama ni kwenye seva binafsi. Watu walipiga kelele sana wakati ule, ila angalau kitufe kiko kwa aliyepokea.

Na wanaotaka kuongea mambo ya nyumbani wasiongelee kwenye gemu kabisa. Discord admin wa seva hasomi DM zenu, yani meseji za mtu na mtu, hiyo ni nafuu, na sauti na video tangu Septemba 2024 walianza kuzifunga mwanzo mpaka mwisho hata wao hawasikii. Maandishi ya Discord bado hayajafungwa hivyo. Ya mzee kuumwa, pigeni WhatsApp.

goli_la_mkono

WhatsApp ambako ndo yalibandikwa.

fundi_waya

Hahaa. Dhidi ya mtu mwenye skrinshoti hakuna programu.

sakina_kwetu

Mrejesho wakuu. Tumekaa jana kwa simu, mimi, Longido na jamaa wa Moshi. Amri zimezimwa kwenye logi, CoreProtect imewekwa kama fundi alivyosema, SocialSpy imetolewa, kibao kipo pale mnarani na kimeandikwa kiswahili. Mchango umerudi kuwa wa lazima maana hoja ya kulipa peke yake ilikuwa ya haki. Wale wawili mmoja karudi, yule wa mzee wake bado, na sijamlazimisha.

Kilichobaki ni faili za zamani. Longido anasema za wizi wa bikoni anabaki nazo, nyingine zote kafuta kwenye folda ya logs.

tausi_wa_tengeru

Seva si ya kukodi? Waliokukodisha wanapiga nakala ya seva nzima kila baada ya muda na logs zimo. Mmefuta na huko?

longido_mc

Sijui hata zinakaa wapi hizo.

fundi_waya

Ingia kwenye paneli pale unapowashia seva, tafuta sehemu ya backups. Usifute zote kwa mpigo ukapoteza na mji, tengeneza kwanza nakala mpya ya leo ambayo haina logs, ihakikishe inafunguka, alafu ndo ufute za nyuma. Na nywila ya paneli badilisha, maana kama naikumbuka ile seva vizuri mlishaigawa kwa nusu ya Kaloleni.